UZI: James Bond wa vitabuni na waigizaji sita waliomvaa. Nani kamkaribia, nani katuuzia sura tu?

Karatasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mjadala wa James Bond ukiibuka humu unaishia palepale. Connery ndiye mwenyewe, Moore mchekeshaji, Craig mbabe, Dalton ndo nani huyo. Tunapima mwigizaji kwa mwigizaji mwenzake. Leo naomba tubadili mizani. Tumpime kila mmoja kwa yule mtu aliyeandikwa na Ian Fleming, kuanzia Casino Royale ya mwaka 1953 mpaka riwaya ya 12, pamoja na vile vitabu viwili vya hadithi fupi. Fleming alifariki Agosti 1964, kwa hiyo riwaya ya mwisho na mkusanyo wa pili vilitoka mwenyewe yuko kaburini.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema, anayetaka kurusha mawe aanze kuyaokota. Aliyemkaribia zaidi ni Timothy Dalton. Aliyefanana naye zaidi kwa sura hakupewa hata kitabu kimoja cha kuigiza. Na huyo Connery tunayemwita wa asili, vitabu vyenyewe vilianza kumfuata yeye.

Tuanze na sura, maana hapo hakuna ubishi mkubwa. Kwenye From Russia with Love (1957) wakubwa wa SMERSH, idara ya Kisovieti ya kuua maadui, wanaletewa jalada la Bond mezani. Urefu sentimita 183, uzito kilo 76, umbo jembamba, macho ya buluu, nywele nyeusi, kovu kwenye shavu la kulia, kovu jingine bega la kushoto, dalili za upasuaji nyuma ya mkono wa kulia. Anavuta sigara sana. Pombe anakunywa lakini hapitilizi, wanawake anawapenda, na haaminiki kuwa mtu wa kupokea rushwa. Huo mkono una habari yake: kwenye kitabu cha kwanza mtu wa SMERSH alimchora kwa kisu herufi ya Kirusi, Ш, ili popote atakapokaa kucheza karata ajulikane kuwa ni jasusi. Madaktari wakaja kuifunika kwa ngozi ya kupandikiza.

Kilo 76 kwa urefu ule ni mtu mkavu. Vesper, mwanamke anayepangiwa kazi naye kwenye Casino Royale, anasema anamkumbusha Hoagy Carmichael, yule mtunzi na mwimbaji wa Kimarekani, ila huyu ana kitu cha baridi na kisicho na huruma usoni. Tafuteni picha ya Carmichael muone: uso mrefu, mashavu yameingia ndani, macho ya mtu ambaye usingizi haumtoshi. Sasa mweke pembeni Sean Connery, aliyeshiriki Mr Universe mwaka 1953. Au Craig akitoka baharini na kile kifua. Hao ni wanaume wa kazi nyingine kabisa.

Lile kovu la shavuni hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyewekewa kama alama ya kudumu. Nadhani watayarishaji waliogopa kuharibu bidhaa.

Umri nao unachekesha. Kwenye Moonraker (1955) tunaambiwa mwenye namba ya sifuri mbili (00, jasusi mwenye ruhusa ya kuua) anaondolewa kwenye orodha akifika miaka 45, na Bond amebakiza minane. Maana yake ana 37. Roger Moore alipotokea mara ya kwanza kwenye Live and Let Die, 1973, alikuwa na 45. Yaani siku anaripoti kazini ndiyo siku ya kustaafu! Akaendelea mpaka 1985 akiwa na 57. Aliyeingia na umri unaokaribia wa kitabu ni Craig, 38 mwaka 2006.

Lakini sura si hoja yangu. Hoja yangu ni hali ya mtu.

Bond wa Fleming ni mtumishi wa umma. Fungueni Moonraker sura za mwanzo. Mshahara wake ni pauni 1,500 kwa mwaka, na kazi ya hatari inakuja mara mbili au tatu tu katika mwaka. Siku nyingine zote anaingia ofisini kama saa nne asubuhi, anapitia mafaili, anakula kantini, anatoka saa kumi na mbili. Jioni karata, wikiendi gofu. Anaboreka mpaka anatamani kutumwa akafe. Nyumbani Chelsea ana mama mtu mzima wa Kiskoti, May, anayemwandalia kifungua kinywa, na yai lisipochemka dakika tatu na theluthi anajua. Chai haipendi kabisa, anaiona tope. Huyu siye yule wa filamu anayeruka na parachuti yenye bendera ya Uingereza. Huyu ni mtu mpweke mwenye masharti mengi.

Na kuua hakumpi raha. Goldfinger (1959) inaanza amekaa uwanja wa ndege Miami, glasi mkononi, anamfikiria Mmeksiko aliyemuua. Anajiambia ni sehemu ya kazi, kisha anaendelea kumfikiria. Ukurasa baada ya ukurasa, steringi wenu amekaa na maiti kichwani.

Sasa nani kaigiza HUYO?

Hapa namleta Dalton. Kuna hadithi fupi ya Fleming, The Living Daylights. Bond yuko Berlin, kwenye chumba chenye giza, amelala juu ya kitanda na bunduki ya shabaha dirishani. Kuna mtu wao atavuka kutoka upande wa mashariki, na Warusi wameweka mdunguaji wa kummaliza. Kazi ya Bond ni kummaliza mdunguaji kwanza. Jioni kwa jioni anaangalia kundi la wanamuziki wa kike wakiingia kwenye jengo la ng'ambo, na mmoja wao, msichana mwenye nywele za dhahabu anayebeba cello, anamkaa rohoni. Usiku wenyewe ukifika, mdunguaji ndiye yule msichana. Bond anahamisha shabaha sekunde ya mwisho, anapiga silaha badala ya mtu. Afisa aliyekuwa naye chumbani, mtu wa kanuni, alishalalamika kwamba amekunywa wiski kazini. Sasa anamwambia itabidi aripoti. Bond anamjibu kwamba akiwa na bahati, hiyo itamgharimu namba yake ya sifuri mbili.

Filamu ya 1987 ilihamishia tukio Bratislava, ikalijenga upya karibu hatua kwa hatua. Muangalieni Dalton baada ya kufyatua. Hatabasamu, hatoi mzaha. Mwenzake anamkumbusha amri, naye anajibu kwa hasira kwamba yeye anaua wenye kazi yao tu, na bosi akimfukuza atamshukuru. Uso wake pale ni wa mtu anayeichukia kazi anayoijua kuliko wote. Ile sura ndiyo niliyoisoma kitabuni.

Dalton alivisoma vitabu kwa ajili ya kazi hii na alisema wazi alitaka kumrudisha mtu wa Fleming. Na kwenye Licence to Kill (1989), rafiki yake Felix Leiter anatupiwa papa, na mwilini anaachiwa ujumbe wa kejeli kuhusu kitu kilichomla. Watu wakalalamika kwamba huu ukatili si wa Bond. Umetoka moja kwa moja kwenye kitabu cha Live and Let Die cha mwaka 1954!

Nawaachia uwanja.

Fundi Redio

Siti ya mbele kabisa, soda mkononi.

Mkuu umeandika vizuri ila Moore umemwonea. Sisi tuliokulia mabanda ya video tunamjua Bond kupitia Moore, na hatukuwa na habari ya jalada wala kilo 76. Lakini hata kwa mizani yako, For Your Eyes Only ya 1981 umeipita kimyakimya. Inaanza Bond yuko kaburini kwa mkewe Tracy, ana maua. Halafu kuna yule muuaji, Locque, gari linaning'inia ukingoni mwa genge. Moore anamtupia ile nembo ya njiwa, halafu anasogea na kulipiga teke gari lote liporomoke. Moore mwenyewe hakulipenda tendo lile, alisema si la Bond wake. Lakini ni la Bond wako!

Na tukio la kuburutwa baharini kwa kamba nyuma ya boti, juu ya miamba, yeye na yule binti, limechukuliwa kitabu gani? Live and Let Die. Kwa hiyo mzee naye alionja kitabu.

Karatasi

Fundi, hilo teke nakupa. Ni sekunde chache ambazo Moore anaacha kuwa Moore. Tatizo ni kilichomzunguka. Linganisha Moonraker tu. Kitabu kizima kinafanyika Uingereza, London na Kent, kuna roketi moja na tajiri mmoja anayeiba kwenye karata. Mwishoni Bond anamngoja Gala Brand, askari wa kike aliyefanya naye kazi, bustanini akitarajia waondoke pamoja likizo, binti anamjulisha ana mchumba wake, anaolewa. Bond anabaki amesimama peke yake. Filamu ya 1979 wakampeleka anga za juu kupigana kwa miale. Ya The Spy Who Loved Me ndiyo usiseme, Fleming aliruhusu jina tu litumike, hadithi hapana.

Dada wa Makorora

Nauliza swali ambalo wanaume wa uzi huu mnalikwepa. Nani kawaambia kufanana na kitabu ni sifa?

Nimesoma Live and Let Die. Zile sura za Harlem, namna watu weusi wanavyoandikwa, nilikuwa nafunga kitabu kila baada ya kurasa kadhaa. Mwaka 2023, Casino Royale ilipotimiza miaka 70, vilitoka upya vikiwa vimepunguzwa baadhi ya maneno hayo, na bado. Na wanawake! Vesper anapopangiwa kazi naye, Bond anakasirika kabla hata hajamjua, anaona wanawake ni wa starehe na kazini ni mzigo. Mwigizaji akifanana na hilo tumpigie makofi?

Kwa mtazamo wangu Casino Royale ya 2006 ni bora kwa sababu inajua wapi pa kukiacha kitabu. Kuna ile baada ya mapigano ya ngazini. Vesper ameona mtu akinyongwa mbele yake. Bond anarudi chumbani, anamkuta amekaa chini ya bomba la mvua na gauni lake, maji yanamwagika, anatetemeka. Craig anaingia na nguo zake, anakaa pale pale sakafuni, anaongeza maji ya moto. Hakuna maneno ya maana yanayosemwa. Fleming hakuandika hilo, na nadhani asingeliandika.

Kipanga Mweusi

Dada umemaliza. Craig apewe kombe tulale.

Mgeni wa Mbale

Mimi nina ugomvi wangu na hiyo filamu. Inasema Mbale, Uganda, kuna waasi, mvua, msitu mzito, Le Chiffre, yule adui wa Bond, anakuja kupokea hela za kamanda Obanno. Mimi nimekaa Mbale. Ule msitu walipiga picha Uingereza na unaonekana. Mlima wetu mkubwa kama Elgon wameukosaje? Huyo Obanno mwenyewe kaigizwa na Isaach de Bankolé wa Ivory Coast, kaigiza vizuri sana, hilo sina neno. Endeleeni.

Karatasi

Hahaha, Mgeni pole. Kitabuni hata Uganda haipo. Le Chiffre anacheza karata ili kurudisha fedha za Warusi alizozizamisha kwenye madanguro, sheria ya Ufaransa ikayafunga. Ugaidi na soko la hisa ni vya 2006.

Dada wa Makorora, ulichosema kuhusu ubaguzi sikipingi hata nukta. Uzi wangu hausemi kitabu ni kitakatifu. Unauliza nani anafanana. Na kwenye hilo bomba la mvua nakubali kabisa, filamu ilimzidi Fleming.

Ila tumuangalie Craig kwa karibu, kwa sababu yeye ndiye mwenye kesi ngumu. Mwili si wake: nywele za dhahabu, sentimita 178, misuli. Kabla hata filamu haijatoka watu walianzisha tovuti ya kumkataa. Roho ya kitabu cha kwanza anayo. Mauaji mawili ya kupatia namba, kitabuni moja ni la New York, Mjapani mtaalamu wa mafumbo ya siri, la pili Stockholm, Mnorwe msaliti, kwa kisu, na halikuwa safi. Filamu inaanza na mauaji mawili, moja safi, moja chooni, ovyo, mtu anazamishwa kwenye sinki. Mantiki ni ileile.

Lakini angalieni kwenye mateso. Kiti kimetobolewa kalio, Bond uchi. Kitabuni Le Chiffre anatumia kile chombo cha kupigia mazulia, filamu wakaweka kamba yenye fundo. Craig anapigwa halafu anatania, anamwambia ampige kidogo pembeni panawasha. Ukumbi mzima ulicheka. Kitabuni hakuna kicheko. Bond anazimia, anazinduliwa, anazimia tena, na akija kuokolewa haokolewi na ujanja wake. Mtu wa SMERSH anaingia kumuua Le Chiffre kwa sababu zao, na Bond anaachwa hai kwa kuwa hakuna aliyeagiza auawe. Halafu hospitali, anamwambia Mathis, jasusi mwenzake wa Kifaransa, anataka kuacha kazi kwa sababu hajui tena nani mwema nani mbaya. Mathis anamcheka kirafiki na kumuomba asije akageuka binadamu, watapoteza mashine nzuri.

Huo woga na huo mkanganyiko, Craig aliupata akiwa na Vesper. Kwenye kile kiti bado alikuwa steringi.

Kipanga Mweusi

Sasa Brosnan? Maana ulisema kuna mwenye sura asiyepewa kitabu.

Karatasi

Ndiye huyo. Nywele nyeusi, macho ya buluu, mrefu, mwembamba siku za mwanzo, uso wa mtu wa jamii fulani. Ukimpa mchoraji jalada la SMERSH, atachora kitu cha karibu na Brosnan. Lakini filamu zake nne, 1995 hadi 2002, hakuna hata moja yenye hadithi ya Fleming. GoldenEye ni jina la nyumba ya Fleming kule Jamaica. The World Is Not Enough ni maneno ya nembo ya ukoo yanayotajwa kwenye On Her Majesty's Secret Service. Basi. Alipewa suti, gari na kompyuta. Sigara nayo anaiita tabia chafu, wakati Bond wa Casino Royale anawasha ya sabini kwa siku moja.

Fundi Redio

Na Lazenby? Filamu moja, mwanamitindo, muuza magari wa Australia aliyeonekana kwenye tangazo la chokoleti. Usiniambie naye.

Karatasi

Naye ndiyo! On Her Majesty's Secret Service (1969) ni miongoni mwa filamu zinazofuata kitabu kwa uaminifu mkubwa, mpaka mkewe anauawa ndani ya gari mwishoni na filamu inaisha hapohapo. Lazenby uigizaji wake mwepesi, sikatai. Bond alipojifanya Sir Hilary Bray, mtaalamu wa nembo za koo, sauti yake ilifunikwa na ya George Baker. Lakini kuna lile tukio ametoroka mlimani, watu wa adui yake Blofeld wanamsaka kijijini, amejikunyata ukingoni mwa uwanja wa kuteleza barafuni, kola juu, na ANAOGOPA. Anaogopa kabisa, macho yanazunguka. Halafu miguu ya msichana inasimama mbele yake, anainua uso, ni Tracy. Connery asingekubali kuonekana hivyo. Kitabuni Bond anamfikia Tracy akiwa amekwisha kabisa, hawezi hata kusimama sawasawa.

Dada wa Makorora

Hujatueleza bado hilo la Connery kubadilisha kitabu.

Karatasi

Nilitaka muulize.

Vitabu vya mwanzo havituambii kwao Bond ni wapi. Ni Mwingereza tu mwenye kazi. Dr. No ikawa inapigwa picha Jamaica mapema 1962, na Fleming yuko Jamaica hiyohiyo, Goldeneye, anaandika On Her Majesty's Secret Service. Mwanzoni Connery hakumvutia, hakuona muungwana pale. Mwongozaji Terence Young akamchukua yule kijana wa Edinburgh aliyewahi kusambaza maziwa, akampeleka kwa fundi wake wa suti, akamfundisha kukaa na kula. Fleming akaja kumkubali.

Sasa someni hicho kitabu, kimetoka 1963. Ghafla Bond anasema baba yake ni Mskoti wa Glencoe na mama yake Mswisi. Kule mlimani, miongoni mwa wageni, anatajwa Ursula Andress, nyota wa filamu ya Dr. No! Mwaka uliofuata, kwenye You Only Live Twice, linaandikwa tangazo la kifo chake: Andrew Bond, Monique Delacroix, wamekufa wakipanda mlima mtoto ana miaka 11, shangazi akamlea Kent, Eton kwa muda mfupi, halafu Fettes, shule ya Edinburgh. Majina hayo ya wazazi ndiyo tunayaona kwenye jiwe la kaburi ndani ya Skyfall ya 2012.

Kwa hiyo mtu akisema Connery anafanana na Bond wa vitabu, mimi namuuliza vitabu vipi. Vya kabla ya 1962 au vya baada?

Kipanga Mweusi

Aisee. Hapo umenifunga.

Ila nauliza pembeni. Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba, mngempa nani amwigize? Mimi nikimsoma kwenye Kikosi cha Kisasi huwa simuoni mwigizaji yeyote, namuona jirani yetu mmoja wa zamani aliyekuwa anavaa kaunda suti na haongei.

Fundi Redio

Gamba aanzishiwe uzi wake, tusichanganye madawa. Lakini jirani wa kaunda suti nampitisha.

Turudi kwa Bond. Karatasi, kura yako ya mwisho ni Dalton, bado?

Karatasi

Bado. Dalton kwa roho, Brosnan kwa sura, Craig kwa kitabu kimoja, Lazenby kwa ule uoga barafuni, Moore kwa teke moja. Connery tumuache kwenye daraja lake.

Na wanaouliza pa kuanzia kusoma: Casino Royale ni fupi, inaisha kwa siku mbili ukiwa na nafasi. Kisha Moonraker, kwa ajili ya ofisi na kantini. Halafu hiyo hadithi fupi ya Berlin, na usiku huohuo muangalie dakika ishirini za mwanzo za filamu ya 1987. Mkirudi tubishane vizuri.

Mgeni wa Mbale

Na mimi nitarudi na picha za Mbale yenyewe.